HTML haigombi, na hapo ndipo mnapokwama

Wadogo zangu mnaoanza kujifunza HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ukurasa wangu wa kwanza niliutengenezea mama mmoja anayeuza dagaa na migebuka pale Kibirizi, Kigoma. Kwenye laptopu yangu, chumbani Mwanga, ulipendeza: jina la biashara juu, picha ya dagaa, bei ya kilo, namba ya simu. Nikaupandisha hewani, nikapanda bodaboda kwenda kumwonyesha. Kwenye simu yake picha haikuwepo, na maandishi yalikuwa kama sisimizi. Akaisogeza simu mbali na macho, akairudisha karibu. "Sasa mwanangu, hapa mteja anasoma nini?"

Nilihangaika na ile picha siku mbili. Kumbe faili lilikuwa na jina Dagaa.JPG, mimi ndani ya ukurasa nimeandika dagaa.jpg. Windows haijali herufi kubwa wala ndogo kwenye majina ya mafaili, ndiyo maana kwangu ilitokea. Seva nyingi, yaani kompyuta zinazohifadhi kurasa hewani, hutumia mfumo wa Linux, na kwa Linux hayo ni majina mawili tofauti kabisa. Tangu siku hiyo mafaili yangu yote ni herufi ndogo tupu, hayana nafasi katikati. Pakihitajika naweka kistari.

Maandishi nayo yaliponzwa na mstari mmoja niliousahau kwenye head, sehemu ya juu ya faili yenye maelekezo kwa kivinjari (programu ya kufungulia kurasa):

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Usipouweka, kivinjari cha simu hudhani ukurasa ni wa kompyuta. Huuchora kwa upana wa pikseli kama 980 hivi, halafu huubana wote utoshee kwenye kioo kidogo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuonywa. Lugha nyingi za programu ukikosea hugoma na kukutajia mstari wenye kosa. HTML hunyamaza. Kivinjari hukisia ulichokusudia, kinaendelea na safari. Sahau kufunga <p>, yaani tagi (alama) ya aya, hutaona tofauti yoyote. Sahau kufunga <b>, maandishi yote yanayofuata yatakolea wino hadi chini ya ukurasa. Na tagi zikiwa ndani ya nyingine, fungeni kama mnavyovua nguo: aliyevaa shati kisha koti huanza kuvua koti.

Kwa hiyo msiamini macho yenu. Pelekeni kazi kwenye kikaguzi cha W3C, validator.w3.org, ni bure. W3C ni shirika la viwango vya wavuti lililoanzishwa mwaka 1994 na Tim Berners-Lee, yuleyule aliyebuni HTML akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi. Mara ya kwanza kitawatolea makosa mengi mpaka mkate tamaa. Rekebisheni la juu kwanza, kagueni tena. Mara nyingi moja likiondoka, mengine yanaondoka nalo.

Kuandikia, Notepad, ile programu ya maandishi inayokuja na Windows, inatosha kabisa. Ila ukihifadhi, kwenye aina ya faili chagua mafaili yote, la sivyo utapata index.html.txt na utashangaa kwa nini unaona tagi ulizoandika badala ya ukurasa. Nimeshawafungulia vijana watatu laptopu kwa tatizo hilo hilo.

Kuhusu <h1>: ni kichwa cha habari. Wengi huiweka popote wanapotaka herufi kubwa. Ukubwa, rangi na nafasi ni kazi ya CSS, lugha ya kupambia kurasa, na CSS ngojeeni kidogo, angalau mpaka muweze kuandika ukurasa mtupu bila kuchungulia kwa mwenzenu.

Jambo la mwisho ni uzito wa picha. Picha ya simu yaweza kufika MB 4. Weka sita, umemlia mteja MB 24 za bando kabla hajaona bei. Ipunguzeni hadi upana wa pikseli 800 hivi, na kwenye alt, maelezo yanayoandikwa ndani ya tagi ya picha, andikeni kilichomo, "dagaa wakavu wa Kigoma", ili hata picha ikichelewa kufunguka mtu ajue kilikuwa nini.

Nilirudi Kibirizi na ukurasa uliotengemaa. Mama akaufungua, picha ikatokea, akausoma wote bila kunyoosha mkono. Halafu akanigeuzia simu.

"Hiyo bei ni ya juzi. Leo imepanda."

Laptopu nilikuwa nimeiacha Mwanga.