Jibu: Nitajuaje kama tamthilia ya vita ina uhalisia?

Habari mkuu. Umesema wateja wa kibanda umiza chako hapo Ujiji wanabishana kila siku tamthilia ipi ya vita ina uhalisia. Anza kukagua risasi. SMG, ile bunduki ya kijeshi aina ya AK-47, ina magazini ya risasi 30. Ukiachia mfululizo zinaisha ndani ya sekunde 3 hivi. Nilipopitia JKT Bulombora, kilichonishtua kwenye shabaha ni mlio: usipoziba masikio yanabaki yanalia ngiii, husikii hata amri. Sasa steringi anamwaga risasi dakika nzima, halafu ananong'onezana na mwenzake!

Bomu la mkono nalo ni vumbi, moshi na vipande vya chuma, siyo moto wa petroli. Mambo ya vifaru sina uzoefu nayo.