Je, kumkatalia ndugu mali ya amana ni kukata udugu?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Ninaendesha duka la jumla la nafaka hapa Tanga, alilotuachia marehemu baba. Mirathi haijagawanywa, na wadogo zangu wawili hawajabaleghe. Ndugu na majirani huchukua mchele na unga kwa daftari, wengi hawalipi, nami huona haya kuwakatalia; mara nyingine husema mzigo haujafika ilhali stoo imejaa. Mimi pia ni mweka hazina wa msikiti wetu, na ami yangu anataka nimwazime fedha za msikiti hadi auze mazao yake. Nimemjibu, "Inshaallah." Je, nikimkatalia nitakuwa nimekata udugu?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Allah, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake.

Ndugu yangu, kabla ya kuuliza habari ya udugu, uliza kwanza mali unayoombwa ni ya nani. Mchele ulio stoo si wako peke yako. Baada ya madeni ya marehemu na wasia wake, kila mrithi ana fungu lake katika duka lile hata kama hamjakaa kuligawa, na fungu la wale wadogo wawili ni mali ya yatima. Msimamizi wa mali ya yatima hana ruhusa ya kuitoa sadaka, wala kumsamehe mtu deni lililomo, wala kuikopesha ili tu asichukiwe na jirani.

Sura ya Al-Israa inaligusa jambo lako kwa mpangilio wa ajabu. Aya ya 26 inaamrisha jamaa apewe haki yake. Aya ya 28 inafundisha la kusema pale unapolazimika kuwaacha waombaji bila kitu, nalo ni neno laini. Aya ya 29 inakataza mkono kufungwa shingoni, na inakataza vilevile kuukunjua wote hadi mtu akabaki analaumiwa na hana kitu. Kisha aya ya 34 inasema mali ya yatima isikaribiwe ila kwa njia iliyo bora. Mwenye kuisoma aya ya 26 akaishia hapo, huku akinyoosha mkono kwenye mali ya yatima, hakuisoma Sura hiyo.

Ukitaka kuona neno laini likitendwa, itazame nyumba ya Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi, wamepokea kwamba Bibi Fatima (R.A.), binti yake, aliumia mikono kwa kusaga, akaenda kuomba mtumishi baada ya kusikia kwamba mateka wameletwa. Hakumkuta baba yake, akamwachia Bibi Aisha, mke wa Mtume, ujumbe. Usiku ule Mtume (S.A.W.) akawafuata nyumbani, wao wakiwa wamekwisha kulala, akaketi kati ya binti yake na mumewe Ali, akawafundisha tasbihi (Subhanallah) 33, tahmidi (Alhamdulillah) 33 na takbira (Allahu Akbar) 34, akawaambia kuwa hayo ni bora kwao kuliko mtumishi. Hakumpa alichoomba, lakini hakumkwepa wala hakumtungia udhuru. Alitembea kwa miguu yake kumpelekea jibu. Sidhani kuna baba aliyempenda binti yake kuliko yeye, na hata hivyo alimnyima.

Kwa hiyo kosa lako halimo katika kukataa. Limo katika kusema mzigo haujafika. Limo pia katika hiyo "Inshaallah" yako, na hapa naomba unisikilize sana, kwa sababu desturi hii imetuenea. Sura ya Al-Kahf, aya ya 23 na 24, imetufunza neno hilo kwa jambo tunalokusudia kulitenda, nasi tumeligeuza kuwa hapana ya adabu. Ami yako sasa anapanga mambo yake akitegemea fedha ambazo wewe umekwisha azimia moyoni kutompa, na jina la Allah ndilo ulilolitumia kumtuliza.

Fedha za msikiti hazina mjadala. Waliozitoa walizitolea msikiti, na kumwazima ami yako ni khiyana hata akizirudisha zote kabla ya Ijumaa. Sahaba Abu Dharr (R.A.), pamoja na uchaji wake, aliambiwa na Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Muslim, kwamba ni dhaifu, asiongoze hata watu wawili wala asisimamie mali ya yatima, na aliambiwa hivyo kwa mapenzi. Wewe umebeba yote mawili. Ukiona huwezi kumkatalia ami yako usoni, rudisha daftari na ufunguo wa hazina kwa kamati ya msikiti, na hilo si aibu.

La kufanya ni hili. Nenda nyumbani kwa ami, usimpigie simu, umwambie wazi kwamba fedha si zako, na ukiweza mpe kitu kutoka fungu lako. Itisheni mgawanyo wa mirathi. Madeni yaliyomo daftarini yadai kwa upole, na asiye na uwezo mpe muda, kwa mujibu wa Al-Baqara aya ya 280. Lakini sehemu ya yatima iliyopotea kwa kukopesha kwako bila idhini, hesabu na uifidie kidogo kidogo kutoka mfukoni mwako.

Wallahu aalam.