Bajeti ya miaka saba ya Umoja wa Ulaya: Bunge lina meno kiasi gani?

Kwa nini wapange fedha za miaka saba kwa mpigo? Bajeti ya kila mwaka haitoshi?

Ya kila mwaka ipo, ila haiwezi kuvuka ukomo uliowekwa na mpango wa muda mrefu. Mpango wa kwanza ulianza 1988, baada ya miaka ya mvutano kati ya Bunge la Ulaya na serikali za nchi wanachama. Desemba 1979, kwa mfano, Bunge liliitupa nje bajeti nzima ya 1980. Faida ya mpango wa muda mrefu naikubali: anayejenga reli hahitaji kuuliza kila Januari kama fedha ipo.

Wabunge wanaweza kubadili tarakimu?

Kisheria, hapana. Baraza, yaani mawaziri wa nchi wanachama, huupitisha mpango kwa kauli moja, baada ya Bunge kutoa ridhaa kwa kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote. Ni ndiyo au hapana. Lakini hiyo hapana ina uzito. Julai 2020 viongozi wa nchi wanachama walikesha Brussels siku nne, wakatoka na mpango wa yuro bilioni 1,074. Siku mbili baadaye Bunge likatangaza kwamba haliupokei ulivyo, na kufikia Novemba programu za afya, utafiti, wanafunzi na nyinginezo zilikuwa zimeongezewa bilioni 15. Nalitaja hili kila ninapoambiwa Bunge hilo ni mhuri tu. Kinachoniuma ni kwamba mfuko wa bilioni 750 wa kufufua uchumi baada ya korona uliundwa kwa kanuni ya Baraza peke yake.

Fedha ikishatumika, nani anauliza?

Wakaguzi wa hesabu walioko Luxembourg hutoa ripoti kila mwaka, kisha Bunge huamua kama linaidhinisha hesabu. Mwaka 1998 lilikataa kuidhinisha za 1996. Kamati ya wataalamu huru ikachunguza ubadhirifu na upendeleo, na Machi 1999 Kamisheni nzima, chombo cha utendaji cha Umoja, iliyoongozwa na Jacques Santer, ikajiuzulu. Baraza ni habari nyingine: tangu hesabu za 2009 Bunge limekuwa likikataa kuidhinisha matumizi yake, na Baraza linaendelea kama kawaida. Hilo halikubaliki.

Ungeanza na mageuzi gani?

Muda. Wabunge 720 waliochaguliwa Juni 2024 ndio watakaopigia kura mpango wa 2028 hadi 2034. Mpiga kura wa 2029 atakuta kila fungu limeshapangwa. Mkataba wa Umoja wa Ulaya unadai angalau miaka mitano tu, kwa hiyo mpango na muhula wa Bunge vingeweza kwenda sambamba bila kugusa mkataba.

Halafu kuna pendekezo la Kamisheni la Julai 2025, la karibu yuro trilioni 2. Linaunganisha fedha za kilimo na za maendeleo ya mikoa katika mpango mmoja kwa kila nchi, na malipo yanatoka malengo yakitimia. Mafungu yakishachanganywa hivyo, mbunge anayefuatilia yuro iliyotengwa kwa mkulima ataisaka wapi? Ridhaa isitolewe kabla kila fungu halijaonekana peke yake kwenye vitabu.

Wasipoafikiana kabla ya 2028?

Ukomo wa 2027 unaendelea kutumika; mkataba unasema hivyo waziwazi. Ila sheria za programu nyingi zinakoma mwaka huohuo, na lazima ziongezewe muda. Wabunge waanze kuziandaa sasa, wasije wakashtukizwa nazo Desemba 2027.