Mahakama Iko Ghorofa ya Ngapi?

Wadogo zangu wa mwaka wa pili, nimemaliza kusahihisha kosiwaki zenu za riwaya za usasa, yaani uandishi uliovunja kanuni za zamani. Kazi kumi na nne, na "mlango ni ishara ya fursa" nimeikuta mara tisa. Jamani!

1. Kabla ya kutuambia chumba kinaashiria nini, semeni kiko wapi na mtu anakiingiaje. Hili nimelilipia.

Nikiwa kama nyinyi, nilipangiwa semina ya The Trial ya Kafka, iliyotoka 1925. Nilisoma muhtasari tu, usiku, simu mkono mmoja, rolex, ile chapati ya mayai, mkono wa pili. Asubuhi nikaingia na koti la kaka yangu, nikahubiri dakika kumi juu ya "nguzo kubwa na ngazi za mawe zinazomdhalilisha mnyonge". Nguzo zenyewe nilizitoa kwenye jengo ninalopita nikienda mjini. Mwalimu wetu, mama mpole kuliko nilivyostahili, akaningoja nimalize. "Mwanangu, mahakama hiyo iko ghorofa ya ngapi?" Nikajibu, ya chini. Kimya. Akacheka mmoja, kisha wote.

Iko ghorofa ya tano, kwenye nyumba ya kupanga ya watu maskini. Josef K., mshtakiwa wa riwaya hiyo, anaonyeshwa mlango na mwanamke anayefua nguo za watoto, mkono bado unachuruzika maji. Ndani, waliopanda roshanini wamejikunja chini ya dari. Wengine wamekuja na mito ya kukinga vichwa. Mito! Yaani wamekwisha zoea. Mimi nikajenga jumba la fahari, hofu yote nikaifukuza. Hadi leo wenzangu wakinikuta Wandegeya, hapa Kampala, huniita Nguzo.

2. Tazameni muda. Katika To the Lighthouse ya Virginia Woolf (1927) nyumba inachakaa miaka kumi, na kifo cha Bi Ramsay, mama wa nyumba hiyo, kinafungiwa ndani ya mabano. Mabano hayo nayo ni chumba.

3. Kwa Kiswahili, Kezilahabi wa Tanzania yupo. Riwaya yake ya 1991 inaitwa Mzingile, na bado kuna aliyeniandikia kwamba jina hilo "halihusiani na mahali". Mzingile ni mahali penye njia za kumpoteza mtu! Kamusi ziko maktaba, ndugu yangu, bure.

4. Nilitaka kugusa madirisha, ila yule wa fursa tatu kwenye ukurasa mmoja kanipigia sasa hivi, anaomba siku mbili zaidi arudie kazi. Nikamwuliza ghorofa ya ngapi. Kakata simu.