Usiongeze vizazi, rekebisha saa za daftari kwanza

Simama hapo hapo! Usiongeze vizazi, usipandishe myutesheni, na ile mistari ya jedwali inayogoma kusomwa na kompyuta usiijaze sifuri. Umesema unafiti data za maji ya Wete, yaani unatafuta fomula inayolingana na vipimo, nusu umetoa kwenye daftari la mzee wa bandarini na nusu kwenye kifaa cha kupimia maji, na algorithimu ya kijenetiki (ile inayokisia majibu mengi, inachagua bora na kuyachanganya kizazi hadi kizazi, na kuyabadili kidogo kwa bahati, ndiyo myutesheni) inakupa bahari inayopanda na kushuka sentimita 15. Sentimita 15, Pemba! Bamvuani, siku za maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya kujaa na ya kupwa yanapishana karibu mita 4. Algorithimu haijakwama, ndugu yangu. Imekupa jibu bora la data mbovu.

Nimeikuza picha ya jedwali lako. Mzee kaandika "4 asubuhi", wewe umeingiza 4:00. Kwa kompyuta hiyo ni alfajiri. Saa 4 asubuhi ni 10:00. Umekosea saa 6, na mzunguko mkuu wa maji yetu ni saa 12 na dakika 25. Saa 6 ni karibu nusu yake kamili! Kwa hiyo daftari linasema maji yamejaa, kifaa kinasema yamekupwa, na kati yao algorithimu inachagua bahari iliyolala. Kundi la majibu elfu kwa vizazi elfu litafika pale pale.

Mimi yalinikuta mabaya zaidi, kwa sababu daftari langu la Jambiani lilikuwa la saa za Kiswahili tupu. Hapo hapana mgongano wowote. Mstari ulipita juu ya vipimo vizuri kabisa, kosa dogo, nikafurahi, nikachapa jedwali la mwezi mzima kwa kikundi cha akina mama wa mwani. Jedwali likasema siku ya bamvua maji yatajaa 10:00. Tukakodi mashua ya kubeba kamba na vigingi, saa 4 asubuhi tupo ufukweni. Nahodha alishaniambia tangu jana yake kwamba saa hiyo ni maji makavu, nikamwonesha karatasi. Mashua ikakaa mchangani mpaka alasiri. Kodi ililipwa yote, na ilikuwa pesa ya akiba ya wale mama. Hilo linaniuma mpaka leo.

Na aliyenipoteza ni mkufunzi wa semina moja, aliyesimama mbele yetu akasema algorithimu hii "inavumilia uchafu, nyinyi ongezeni vizazi tu". Uongo mtupu! Inachovumilia ni uwanja wa majibu wenye vilima na mabonde mengi, pale ambapo mbinu nyingine hunasa kwenye bonde la karibu. Kama saa imeandikwa vibaya, yenyewe haina habari. Inapunguza tofauti kati ya fomula na namba ulizoipa, basi. Watu wanafundisha kitu ambacho hawajawahi kukipeleka baharini.

Asije mtu akakushauri uongeze jeni ya kusahihisha saa. Data ikiwa imesogea yote kwa pamoja, jeni ya awamu, ile namba ya fomula inayoamua maji yajae saa ngapi, inalimeza kosa lote na huoni dalili.

Fanya hivi: acha safu ya mzee kama ilivyo, tengeneza safu mpya. Asubuhi na mchana ongeza 6, saa 4 inakuwa 10:00, ila saa 12 asubuhi ni 6:00. Saa 4 usiku ni 22:00. Saa 9 usiku ni 3:00, na tarehe inageuka. Halafu muulize mzee mwenyewe: akiandika "usiku wa Ijumaa" ana maana gani? Kwa wengi wetu huo ni usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, na kwa siku moja maji huchelewa kama dakika 50. Kifaa nacho kikague, kama kinaandika saa za Greenwich kipo nyuma yetu saa 3. Mistari inayogoma ni ile yenye mkato, kama "1,8", weka nukta. Pasipo na kipimo futa mstari. Kosa linapigwa kipeo cha pili, sifuri chache zinauvuta mstari wote wa fomula.

Kisha, kabla ya kuiita algorithimu, chora siku moja ya mwezi mpevu. Bamvuani maji yetu hukupwa kama saa 4 asubuhi. Mchoro ukionesha yamejaa saa hiyo, usiendelee.

Weka hapa mchoro wa wiki ya bamvua, safu zote mbili za saa zionekane. Nitauangalia leo baada ya isha.