Maswali yenu: kidude cha kulainishia waya wa breki, na mengine ya waya

Nimezunguka Kariakoo natafuta kile kidude cha kupulizia oili kwenye waya wa breki, niliona video jamaa anakibana kwenye waya, anachomeka mrija wa spray, oili inatokea upande wa pili. Wauza spea za baiskeli wananishangaa tu. Kinapatikana wapi?

Wanakushangaa kwa sababu hicho ni cha pikipiki ndugu yangu. Ulizia kwenye spea za bodaboda, ni kibanio kidogo cha chuma kina raba katikati, skrubu ya kukazia na katundu ka mrija. Kwenye pikipiki kina kazi yake maana waya wa klachi au wa mafuta una vichwa ncha zote mbili, hauchomoki kwenye kava (ule mrija wa nje unaopita waya) hata ukisali, kwa hiyo oili lazima uisukume ndani. Waya wa baiskeli una kichwa upande mmoja tu, kule kwenye hendeli. Huku chini umebanwa na nati. Legeza nati, vuta waya wote utoke, ufute na kitambaa, pitisha vidole vyenye grisi kidogo sana, urudishe. Basi! Umemaliza na hujanunua kitu. Na hicho cha bodaboda ukikileta kwenye kava la baiskeli, la breki huwa milimita 5 na la gia 4, raba mara nyingi haishiki vizuri, nusu ya spray inaishia kwenye suruali.

Ila ukiutoa waya uangalie pale karibu na kichwa. Ukiona hata uzi mmoja umekatika, usiulainishe, tupa. Huwa zinaanza kukatika pale pale, zinajificha ndani ya hendeli, na siku zikiisha upo mteremkoni.

WD-40 inafaa?

Kila wiki swali hili! Itatoa kutu na itafukuza maji, lakini na grisi iliyokuwemo itaiosha. Ukiitumia kusafishia sawa, halafu weka kilainishi cha kweli.

Fundi wangu anaweka oili chafu ya gari, mimi naweka mafuta ya nazi. Nani yuko sahihi?

Hakuna. Oili chafu imeshabeba masizi na vumbi la chuma, unaweka msasa ndani ya kava. Mafuta ya nazi yanaganda baridi ikiingia, muulize mtu wa Njombe chupa yake asubuhi inakuwaje, na haya mengine ya kupikia yanageuka ulimbo. Kama huna grisi nunua kachupa ka mafuta ya cherehani, matone mawili matatu yanatosha, na kama kava ni refu yasukume kwa bomba la sindano la duka la dawa. Hicho ndicho kifaa maalum mnachotafuta.

Baiskeli yangu ni Phoenix ya zamani, breki nzito. Nitoeje waya?

Breki zake ni za fito za chuma, hazina waya. Tone moja la oili kila kiungio, na lisiguse rimu.

Gia inachelewa kushuka, nimepuliza oili wiki nzima bado. Fundi anasema tuweke kava la breki kwa kuwa ni nene na gumu zaidi. Nikubali?

Usikubali, ila siyo kwa hofu, gia zitakataa tu kukaa sawa. Kava la breki ndani ni chuma kilichozungushwa kama springi, ukikunja linabadilika urefu kidogo, breki haijali lakini gia inajali sana. La gia lina nyaya zilizolala kwa urefu, ndiyo maana halibonyei. Sasa HATARI ni kinyume chake, kava la gia kuwekwa kwenye breki. Hizo nyaya zimeshikiliwa na plastiki tu, ukishika breki kwa nguvu linapasuka na breki huna. Nimeona mafundi wanafanya hivi kwa sababu ndilo kava lililobaki dukani, mteja analipa na kushukuru. Kagua baiskeli yako leo.

Tukirudi kwenye gia yako. Makava mengi ya siku hizi yana mrija wa plastiki ndani na mengine yanakuja na grisi yake, ukiyamwagia oili nyingi unakaribisha vumbi, linakuwa tope. Inua gurudumu la nyuma, kanyaga pedeli mpaka mnyororo upande sahani kubwa kabisa ya nyuma, acha kukanyaga, halafu rudisha gia ya mkononi mpaka ya sahani ndogo. Waya utalegea wote, na kama vishikizo vya kwenye fremu vina mpasuo, kava unalitoa kwa mkono bila kufungua nati. Lisogeze pembeni, futa sehemu iliyokuwa imejificha, paka grisi kidogo, rudisha. Ukiona bado waya unakwama, kava limekwisha au lilikatwa vibaya, na hapa ndipo ningekwambia toa hela. Nunua koleo la kukatia waya lenye makali ya mviringo. Hizi koleo butu zinabana kava linakuwa bapa, mdomo wa ndani unajifunga, halafu mtu anahangaika na spray mwezi mzima. Ukishakata, sawazisha mdomo kwa tupa na uufungue kwa sindano ya kushonea.

Breki zangu ni za diski za mafuta, nipulizie wapi?

Popote pale usipulizie! Hakuna waya humo, na tone moja likifika kwenye diski pedi umezipoteza.

Nipo Zanzibar, waya unashika kutu kabla sijauzoea.

Huo ni wa chuma kilichopakwa zinki, na kwa hewa ya chumvi zinki haikai. Omba wa stenlesi, jaribu na sumaku ukipenda lakini sumaku siyo ushahidi, stenlesi iliyovutwa kuwa waya nayo hunasa kidogo. Kuna wauzaji watakuapia. Badilisha na kava pamoja, maana kutu ya ule wa zamani ipo humo ndani inasubiri.