Mkopo wa diploma: kuuomba na kuulinda

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mwanangu amechaguliwa kusoma diploma ya ufundi jijini Mbeya. Baba yake ni marehemu, nami naishi kwa kuuza ndizi Tukuyu. Mkopo ataupataje, na usije ukakatika? – Mama wa Rungwe

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa kuondokewa. Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa diploma mwaka wa masomo 2023/2024, kwa fani za kipaumbele, hivyo kwanza hakikisheni katika mwongozo wa mwaka huu kwamba fani yake imo.

Maombi hufanywa kwa mtandao, lakini kazi kubwa ni karatasi. Cheti chake cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba vihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kwa sababu ndivyo vinavyothibitisha hali yenu. Linganisheni majina herufi kwa herufi: Anyelwisye wa cheti cha kuzaliwa akiandikwa Anyelwise katika cheti cha kidato cha nne, huo tayari ni usumbufu. Fomu isainiwe na mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, pamoja na wakili au hakimu. Ukurasa mmoja usiosainiwa, ambao nauona mara nyingi mno, huyarudisha maombi nyuma.

Akishapata, asaini bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo, kila linapotoka, afaulu mitihani, na akiugua hata kulazimika kuahirisha masomo, aiarifu ofisi ya mikopo chuoni kwa maandishi kabla hajapanda basi kurudi nyumbani. Akinyimwa, dirisha la rufaa hufunguliwa, msilipuuze.